Nilifuta Windows ya fundi wa kudarizi nikaweka Linux, michoro ya mume wake ikagoma kufunguka

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa zangu shikamooni, wengine tupeane tano.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa nachangia pale tu mtu anapoisema vibaya Linux. Leo nimeleta langu mwenyewe, na sijalitia chumvi. Sehemu ambazo nitaonekana mjinga, jueni nilikuwa mjinga kweli.

Niko Kamembe, Rusizi, upande wa Rwanda. Ukiteremka uko mpakani, ukivuka daraja uko Bukavu. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Kiswahili cha huku kimechanganyika na Kifaransa sana, kwa hiyo watu wangu nimewaacha waongee kama walivyoongea. Mtaelewa tu.

Sasa, huku kwetu kompyuta ina dawa moja: formatage, yaani kufuta kila kitu na kuweka upya.

Ikiwa nzito, formatage. Ikijizima, formatage. Ikimwagikiwa chai, atatokea mtu akwambie uifanyie formatage. Mteja haji kukueleza ugonjwa, anakuja na dawa yake kabisa, wewe kazi yako ni kuchoma sindano.

Na mimi juu ya hapo nilikuwa na ugonjwa wangu. Miaka kama minne iliyopita nilihamia Linux, nikanogewa, nikawa kama mlokole wa wiki ya kwanza. Kila kompyuta iliyoingia kibandani ilitoka imeokoka. Sikuwa nauliza mtu anafanyia nini mashine yake. Nilikuwa nauliza tu kama anataka iwe nyepesi, na nani atakataa?

Ndipo akaja Maman Nsimire.

Huyu ni mama wa Bukavu, anaishi huku Kamembe na mume wake, Papa Byamungu. Kazi yao kudarizi kwa mashine: nguo za kwaya, vitambaa vya harusi, majoho ya mapadri. Papa Byamungu ndiye aliyekuwa anachora kwenye laptop. Kulikuwa na programu ya Windows inayogeuza mchoro wake kuwa mishono, halafu mishono inapelekwa kwa flash kwenye mashine. Maman anachagua nyuzi, mashine inashona. Walifanya hivyo kwa miaka mingi.

Mimi nilijua tu kwamba mzee anaumwa. Sikuuliza anaumwa nini.

"Papa Arsène," akaniambia (Arsène ni mtoto wangu wa kwanza), "hii ordinateur inachoka sana. Ufanye formatage. Lakini ma dessins za bwana yangu, usipoteze ata moja."

Nikamwambia Maman, kuwa na amani, nazihifadhi zote.

Na kweli nilizihifadhi zote. Kwa hilo sina deni la roho. Nilikopi folda nzima ya michoro, nikahesabu mafaili kabla na baada, yakalingana. Halafu nikaifuta Windows, nikaweka Linux, nikarudisha michoro. Laptop ikawa inawaka kabla hujamaliza kupiga chafya. Nikamkabidhi nikiwa najisikia daktari bingwa.

Siku ya pili yake akarudi. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniuma baadaye.

"Ma dessins ziko. Naona majina yote. Lakini haziko nafunguka."

Wakuu, nilicheka kidogo. Nikamwambia hiyo kazi ndogo, kuna programu ya bure ya kudarizi, inafungua aina za mafaili hata hujawahi kuzisikia. Nikaiweka mbele yake. Nikaipa faili la kwanza, ikakataa. La pili, ikakataa. Ile programu ya Papa Byamungu ilikuwa inahifadhi michoro kwa namna yake yenyewe, ambayo hakuna mwingine duniani anayeijua.

Nikauliza CD ya programu iko wapi.

"Alitupatiaka muntu mwenye aliuzishaka machine, kule Bukavu. Magasin yake ilifungwaka zamani. CD sijuwe."

Hapo ndipo nikasema lile neno ambalo hadi leo nikilikumbuka najisikia vibaya. Nikasema, "Basi Maman, ikishindikana kabisa, Papa Byamungu atachora mingine."

Akaniangalia.

"Atachora na mukono gani?"

Ndiyo nikaelezwa. Mzee alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, na maneno yamempotea. Anaelewa kila kitu, lakini siku nyingine anamaliza asubuhi nzima akitafuta neno moja. Mchoro wa mwisho aliumaliza wiki ileile aliyoanguka: bendera ya chama cha kina mama wa parokia yao, Bikira Maria katikati, matawi ya kahawa yamemzunguka. Ilikuwa bado haijageuzwa kuwa mishono. Kina mama walitaka kuibeba kwenye sikukuu ya Bikira Maria, mwezi wa nane. Ilikuwa mwezi wa sita.

Kwa hiyo ile folda niliyoihifadhi kwa mbwembwe ilikuwa mkono wa kulia wa yule mzee. Wote uliobaki. Na mimi nilikuwa nimeufungia ndani na kutupa ufunguo.

Maman hakunilaumu. Alisema tu, "Sasa tutafanya je?" Alisema tutafanya, siyo utafanya.

Nikaanza kutafuta.

Kwenye flash yao ya kupelekea mishono nikakuta programu yenyewe, nakala kuukuu ambayo mzee aliwahi kuiweka humo na kuisahau. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikaiendesha kwa Wine. Kwa wasioijua, Wine ni chombo kinachoiwezesha programu ya Windows kufanya kazi ndani ya Linux bila Windows yenyewe kuwepo. Ikafunguka. Vitufe vipo, menyu zipo, kila kitu Kifaransa. Nikafungua bendera.

Kilichokuja sikujua nikiite nini. Nusu ya mistari ilikuwa imekaa mahali pake, nusu nyingine yote imevutwa kwenye kona ya juu kushoto. Ni kama nywele za mtoto aliyeshikwa kwa nguvu na mama yake anayesuka. Bikira Maria haonekani. Kahawa haionekani.

Nikasema ni Wine hiyo. Nikabeba flash, nikaenda ofisi ya jirani yangu mwenye Windows halali kabisa, nikaomba dakika tano.

Matokeo yaleyale. Nywele kwenye kona.

Nikasema basi, mafaili yameharibika, na aliyeyaharibu ni mimi wakati nakopi. Nilirudi kibandani nikakaa tu. Wateja walikuja nikawaambia warudi kesho. Naandika hivi ili mjue hali niliyokuwa nayo, mimi ambaye huwa sikosi maneno.

Siku iliyofuata nikiwa naizunguka ile programu bila mpango, nikafungua dirisha la "kuhusu programu". Kulikuwa na jina la mtu mmoja, wa Ubelgiji, na anwani ya barua pepe ya kizamani. Siyo kampuni. Mtu.

Nikamwandikia. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, mimi ni wa kile kizazi cha Rwanda kilichobadilishiwa lugha shuleni katikati ya safari. Nilianza na Kifaransa nikamaliza na Kiingereza, na vyote ninavyo nusunusu. Maman Nsimire akanisahihishia barua akiwa amesimama na kikapu mkononi. Tulimweleza kila kitu, pamoja na ujinga wangu.

Siku tisa kimya.

Siku ya kumi akajibu. Ni mzee sana, macho yamepungua, programu aliiandika kwa ajili ya mke wake aliyekuwa anapenda kudarizi. Mke amefariki. Hajaigusa tangu hapo, hata hakujua kama kuna mtu bado anaitumia. Akaambatanisha source code yote, yaani maandishi yenyewe yanayounda programu, na kusema nifanye nitakavyo, ila kuna ombi moja: jina la mke wake libaki kwenye dirisha la kwanza.

Nilipomsomea Maman barua ile, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Mpango wangu ulikuwa huu. Nikipata jinsi programu inavyosoma mafaili, nitajua wapi yaliharibika na nitayarekebisha kwa mkono. Na kwa kuwa nina Linux peke yake, niihamishie programu nzima huku. Code ilikuwa ya Delphi, lugha ya zamani kidogo, lakini kuna chombo cha bure kinachoielewa na kuitengenezea programu za Linux, Mac, Windows, popote. Kinaitwa Lazarus.

"Lazarus wa Bethania?" Maman akauliza.

Nikamwambia jina ni lile lile.

"Basi nitaombea iyo."

Wakuu, kuhamisha programu siyo kukopi na kupaste, anayekwambia hivyo hajawahi kuhamisha hata kiti. Kila asubuhi kabla wateja hawajaja nilikuwa nayo. Sehemu zinazozungumza na Windows moja kwa moja niliziondoa, nikaandika nyingine. Faili la rangi za nyuzi lilikuwa linaitwa kwa herufi ndogo, code inalitafuta kwa herufi kubwa. Windows haijali, Linux inasema halipo. Vitufe vilipandana kama abiria waliokatiwa tiketi za kiti kimoja. Na yule mzee wa Ubelgiji kaandika majina yote ya ndani kwa Kifaransa: sindano, kitambaa, uzi. Nikikwama nampelekea Maman maelezo, ananisomea huku miguu yake iko kwenye cherehani.

Kuna mstari mmoja tuliusoma pamoja nikaupita. Ulisema kwamba nambari ikishindikana kusomeka, weka sifuri. Nikaona ni busara tu ya fundi makini. Shikeni hapo.

Wiki ya saba programu ikawaka. Linux tupu, hakuna Wine wala Windows. Jina la marehemu mke wa yule Mbelgiji likatokea kwenye dirisha la kwanza. Nikafungua bendera.

Nywele kwenye kona.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika sikukuu.

Kesho yake Maman alikuwa na nguo za kupeleka Bukavu, na jirani anayemwangalia mumewe alikuwa msibani Nyakarenzo. Akaniomba mzee akae kwangu hadi saa nane. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa naye. Mwanamume mrefu, msafi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama siyo wake. Tulimpandisha ngazi taratibu, nikampa kiti karibu na meza yangu.

Niliona aibu kufungua ile kazi mbele yake. Lakini siku zilikuwa zimeniishia, nikafungua.

Aliangalia zile nywele. Halafu akainamia kioo. Akasema kitu.

"Virgule."

Yaani mkato, ile koma. Nikamwambia ndiyo Papa. Nikadhani ndiyo ule ugonjwa, kwamba alitafuta neno lingine akapata hilo.

"Virgule," akarudia. Akapiga meza kwa mkono wa kushoto. "Virgule. Virgule."

Nikamwuliza kama anataka maji. Akanitazama kwa hasira ya mtu mwenye akili zake timamu anayefanywa mtoto. Akavuta kalamu yangu kwa kushoto, akachukua kipande cha boksi la chaja, akaandika polepole sana. Herufi zilikuwa zinatetemeka, lakini zilisomeka:

2,5

Halafu akanyoosha kidole kwenye kioo, chini kabisa, pale programu inapoonyesha urefu wa mshono. Pameandikwa 2.5.

Wakuu, yeye kaweka mkato, kompyuta imeweka nukta.

Nikafungua faili la bendera kama maandishi ya kawaida, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza kama ningekuwa fundi na siyo mhubiri. Limejaa 13,75 na 8,2 na 40,6. Zote kwa mkato, Kifaransa, kama wanavyofundishwa upande wa pili wa daraja. Laptop ya Papa Byamungu ilitoka Bukavu na ilikuwa imepangwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Mimi nilipoweka Linux niliweka Kiingereza bila hata kufikiri, maana kompyuta zote ninazowatengenezea watu huku naziweka Kiingereza. Hata Windows ya jirani yangu, lugha niliipanga mimi.

Kompyuta ya Kiingereza inataka nukta. Ikikutana na mkato inasema hii siyo nambari. Na nambari ikishindikana, weka sifuri. Kila mshono wenye desimali ulikuwa unapelekwa sifuri, na sifuri ndiyo kona ya juu kushoto.

Mafaili yalikuwa mazima muda wote.

Nikaandika mstari mmoja wa kuiambia programu kwamba mafaili haya ni ya mkato. Nikaijenga upya. Nikafungua.

Bikira Maria akatokea. Matawi ya kahawa yakamzunguka, punje mojamoja, majani yana mishipa. Mzee alikuwa amechora hadi mikunjo ya shela.

Mimi nililia, sifichi. Yeye hakulia. Alicheka kwa upande mmoja wa uso na kunipigapiga begani kama anayembembeleza mtoto aliyeanguka.

Maman aliporudi kutoka Bukavu alisimama mlangoni, bado na mzigo kichwani.

"Njo yenyewe," akasema, yaani ndiyo hiyo hasa. Akautua mzigo, akakaa juu yake.

Sasa kuna jambo ilibidi nilijaribu, japo nilishajua jibu. Nikarudi kwenye ile nakala ya zamani, nikaifungua kwa Wine, safari hii nimebadilisha mpangilio wa lugha kuwa Kifaransa. Sekunde mbili. Bendera hiyo hapo, kamili.

Yaani siku ile ya kwanza ningebadilisha mpangilio mmoja tu. Au ningevuka daraja na flash mfukoni, kompyuta ya kwanza ningeikuta Bukavu ingeifungua.

Ningeweza kunyamaza. Nikawaambia.

Maman alicheka hadi akashika mbavu. "Wiki saba ju ya virgule. Papa Arsène, aki ya Mungu."

Halafu akauliza swali ambalo nalijua mtaniuliza na nyinyi. "Sasa ile ya zamani na hii yako, tofauti iko wapi?"

Nilianza kusema mambo ya uhuru wa programu, nikajisikia mwenyewe ninavyoboa, nikaacha.

Jibu lilitoka kwenye mkono wa mzee. Alikuwa amevuta mouse upande wa kushoto. Anajaribu kuweka mshono juu ya jani. Lakini programu ilitaka ushikilie kitufe kwenye kibodi kwa mkono mmoja huku unavuta mouse kwa mwingine. Alishika mouse, akaangalia kibodi, akaangalia ule mkono wa mapajani. Akaiachia mouse.

Nikamwambia, "Papa, hiyo naweza kuibadilisha."

Kwa sababu, wakuu, hiyo ndiyo tofauti. Ile ya zamani ingefunguka na kubaki vilevile, ya watu wenye mikono miwili. Hii nilikuwa na code yake, naibadilisha nitakavyo.

Bendera ilishonwa, Maman alimaliza siku tatu kabla, kina mama wakaibeba. Nilikwenda kuiona ikipita na nikajikuta namwonyesha kila aliyesimama karibu nami zile punje za kahawa, wengine wakahama.

Baada ya sikukuu tukakaa mimi na mzee, mchana, mara mbili kwa wiki. Bonyeza mara moja mshono unaanza, bonyeza tena unaisha, hakuna kushikilia. Vitufe vyote nikavihamishia kushoto na kuvifanya vikubwa. Kila nilichokosea alikuwa anapiga meza. Nikipatia, anaendelea kuchora.

Mchoro wake wa kwanza kwa mkono wa kushoto ulikuwa jani moja la kahawa. Lilichukua siku mbili. Limepinda, upande mmoja mnene kuliko mwingine, na mshipa wa katikati umetoka nje kidogo.

Maman aliliangalia kwenye kioo. Nikamwambia kuna kitufe cha kunyoosha mistari, nikibonyeza litakaa sawa.

"Hapana kugusa," akasema. "Iko mukono yake."

Akalishona vile vile lilivyo.

Niliyojifunza ni haya. Kabla hujafuta mashine ya mtu, muulize anafanyia nini na nani mwingine anaitegemea. Ukikopi mafaili hujahifadhi kitu kama hukuhifadhi na kinachoyafungua. Weka lugha ya mwenye kompyuta, siyo yako. Na mgonjwa akikwambia neno, chukulia kwamba amelitafuta kwa shida, msikilize hivyo.

Linux bado naipenda. Ila siku hizi mteja akija na formatage yake namkalisha kwanza.

Programu inafanya kazi Linux na Windows, na kuna mama mmoja Bukavu anaijaribu kwenye Mac, anasema rangi ya njano inatoka kijani. Kama kuna mtaalamu wa Mac humu aniambie naanzia wapi. Na wale ambao mmewahi kufuta kitu cha mtu kwa nia njema, tupieni hapa chini, nisionekane niko peke yangu. Mzee wa Ubelgiji nimemwambia nitamtafsiria kisa hiki, amesema anasubiri.

Lile jani Maman alilishona kwenye kitambaa cheupe, akaniletea kibandani. Ndicho ninachofunikia hii kompyuta ninayowaandikia, isipate vumbi.